Lori la Chumvi na Kiti cha Waombezi

Jumamosi, 17 Agosti 1991

Kiti kiko wazi! Mwenyekiti wetu wa waombezi amehamia Butare kwa binti yake, na Pasta Bayingana ametangaza kwamba mrithi atachaguliwa Jumapili ya tarehe 25. Nchi nzima siku hizi inazungumzia vyama vingi. Kanisani kwetu Gitega, hapa Kigali, vyama ni viwili tu: mimi, na Pudentienne.

Nijipime kwa haki. Eustache Sibomana, miaka arobaini na mbili, mpiga taipu mbele ya posta. Riziki yangu ni kuombea watu kwa maandishi. Naomba kazi kwa niaba yao, naomba ruhusa, naomba msamaha. Nani anayejua kuomba kunishinda? Sala yangu fupi kabisa ni ya dakika ishirini na tano.

Pudentienne ni mjane, anauza mtama sokoni. Anamwombea mtu sentensi mbili. Mbili! Halafu anakwenda kumpikia mgonjwa uji. Mgonjwa akipona, watu wanasema mama huyu ana upako. Huo si uombezi. Huo ni upishi.

(Naandika Kiswahili, lugha niliyokulia nayo Ujiji, kwa sababu mke wangu Donatille hakisomi. Kura yake atampa Pudentienne. Ameniambia wazi, huku akinipakulia maharage.)

Jumapili, 18 Agosti

Nimeombea wagonjwa wote wa mtaa kwa mpangilio wa alfabeti. Kwenye K kwaya iliketi. Kwenye M Pasta alisema amina kwa nguvu na kanisa zima likadakia. Nadhani hawakuelewa kwamba N mpaka Z hawajaombewa.

Kisha akasimama Mukashema, jirani yetu wa ua mmoja, na mimba yake ya mwisho mwisho. Mumewe, Munyaneza, ni dereva wa lori. Alikwenda Dar es Salaam kuchukua chumvi, arudi baada ya wiki mbili. Hii ni ya tano. Tangu vita vianze malori hayapiti tena njia ya kaskazini. Yote sasa yanabanana mpakani Rusumo, na hakuna wa kukwambia yamekwama wapi. Alieleza yote bila kulia. Hakuna aliyekohoa kanisani. Hata mimi sikukohoa.

Pudentienne akaomba: Bwana, mrudishe Munyaneza. Na sisi tuonyeshe la kufanya. Amina.

Basi! Ndiyo sala yote! Watu wakafuta machozi.

Mimi nahitaji jibu moja tu. Kubwa, la kuonekana kwa macho, kabla ya tarehe 25.

Jumatatu, 19 Agosti

Ajabu! Leo saa tano Usumani alikuja mezani kwangu posta. Usumani ni fundi cherehani, Mwislamu, mtu muungwana. Alikuwa anatoka Kabuga, kwenye barabara itokayo Rusumo, kupeleka sare za shule.

"Bwana Eustache," akasema, "Munyaneza iko Kabuga. Lori imekufa giaboksi. Utingo wake alibaki Rusumo na malaria, yeye hawezi kuacha mzigo peke yake. Wewe na bibi yake munakaa ua moja. Mwambie leo, asilie tena."

Nikamjibu kwamba nitamwambia. Sikutaja siku.

Maana pale pale wazo lilinijia. Munyaneza yuko hai, hata saa nzima kwa basi haifiki, na anayejua ni mimi na mtu mmoja asiyesali kwetu! Sala ya waombezi ni Jumatano saa nane mchana. Nikiomba Jumatano, naye akatokea Alhamisi, ni nani atakayethubutu kuchagua sufuria ya uji? Mukashema amengoja wiki tano. Siku tatu ni nini?

Jioni nilimkuta anafua uani. Akaniuliza kama nimesikia lolote mjini. Nikamwambia awe na imani. Akanishukuru.

Maharage sikuyamaliza.

Jumanne, 20 Agosti

Kabuga, kuhakikisha tarehe. Maombi yanataka utafiti.

Lori ni la bluu, limesimama kando ya soko, magunia ya chumvi yamefunikwa turubai. Munyaneza amekonda, ndevu zimemjaa. Aliponiona alinikumbatia mpaka miwani ikapinda. Akauliza mkewe alisema nini alipopata habari. Nikasema hakusema neno. (Kweli tupu.) Munyaneza akacheka, akasema ndivyo alivyo, akifurahi hunyamaza.

Tajiri wake ameapa kwamba dereva atakayeacha mzigo asirudi kazini. Fundi analeta giaboksi Alhamisi asubuhi. Alhamisi! Hata ningepanga mwenyewe nisingepanga vizuri hivyo.

Wakati wa kuagana alitoa kiblanketi cha njano alichomnunulia mtoto. Akaniambia nimpe Mukashema mkononi.

"Mwambie Alhamisi nakula nyumbani," akasema. "Na uchungu ukimwanza kabla, nitumie mtu yeyote. Chumvi nitaiacha hapa iyeyuke."

Nikaahidi. Blanketi nimelificha ndani ya sanduku la taipu.

Jumatano, 21 Agosti

Siku mbaya. Alfajiri Mukashema ameanza uchungu. Donatille na Pudentienne wakampeleka hospitali. Mapema mno! Kila mtu alikuwa akisema Septemba.

Saa saba Donatille alirudi kuchukua nguo. Mtoto amekaa vibaya. Daktari anataka kumpasua mama, lakini anahitaji sahihi ya mume. Mukashema mwenyewe anakataa kisu. Anasema hatalala pale mezani mpaka ajue kama mtoto ana baba au hana. Donatille aliketi kitandani akalia kwa sauti.

Nilitaka kusema. Naandika hapa kwa kuwa ni kweli: mdomo niliufungua. Kisha nikatazama saa. Saa saba na dakika arobaini.

Dakika ishirini tu zilikuwa zimebaki! Nikavaa koti.

Kanisa lilijaa kwa sababu habari za Mukashema zilikuwa zimeenea. Nilianza kwa kumkumbusha Bwana ombi letu la tarehe 18 mwezi huu, ambalo hatujapata majibu yake. Nikaambatanisha maombi mengine madogo. Kisha nikafumba macho, nikapaza sauti: Naona lori!

Watu wakaguna.

La bluu! Limepakia chumvi! Dereva ana ndevu! Naona soko!

Pudentienne alikuwa amekuja mbio kutoka hospitali aombe kidogo arudi. Nikasikia sauti yake.

"Soko gani, Eustache?"

Tangu lini mtu anayeona maono akaulizwa maswali? Nikasema soko limefunikwa na ukungu. Akauliza kama mabasi yapo. Nikasema yapo. Akauliza kama ni upande jua linakochomoza. Nikasema huenda. Nilipofumbua jicho moja alikuwa amesimama, anakaza kitenge chake kiunoni.

"Ni Kabuga," akasema, akatoka.

Katikati ya sala yangu! Wengine wakamfuata mpaka barabarani kumtafutia basi. Niliendelea dakika arobaini. Waliobaki kuitikia amina walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amesinzia.

Alhamisi, 22 Agosti

Mtoto wa kike. Kilo tatu. Mama na mtoto wazima. Amina.

Mambo yalikwenda hivi. Pudentienne alimkuta Munyaneza kabla ya saa kumi. Akamwambia mkewe yuko hospitali, akimbie. Munyaneza akarukia kwanza barabarani, kisha akageuka kutazama magunia. Pudentienne hakumngoja aseme. Akakanyaga gurudumu, akapanda, akaketi juu ya chumvi, miaka yake sitini na miwili. Akasema huo mzigo sasa ni wake na yeyote anayeutaka apande huko huko juu waongee. Mtu wa pikipiki akamchukua Munyaneza. Hospitalini Munyaneza akatia sahihi, akaingia kwa Mukashema na vumbi lake lote. Mukashema akamshika ndevu, akamwambia daktari sasa apasue.

Pudentienne hajarudi. Yuko juu ya chumvi mpaka fundi amalize.

Asubuhi nilikwenda hospitali na Pasta na Donatille. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kuhusu lori nililoliona katika roho. Nilifika sentensi ya pili. Munyaneza akanipa mkono kwa furaha, akauliza mbele ya wote:

"Eustache, mbona Mukashema anasema blanketi hajaliona? Si nilikupa juzi? Na habari aliyoleta Usumani Jumatatu, hukumfikishia?"

Nikasema blanketi bado lilikuwa linaombewa.

Pasta alivua miwani yake, akaishika tu. Munyaneza aliendelea kunitazama, bado anatabasamu, kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Kisha tabasamu likaondoka. Mukashema hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aligeukia ukuta, akasema polepole:

"Jumatatu nilikuuliza. Nilikuwa nafua, nikakuuliza."

Njiani kurudi Donatille alinitangulia mpaka getini. Akauliza kama nilikuwa najua wakati yeye analia pale kitandani. Nikamjibu zilikuwa zimebaki dakika ishirini tu.

Mimi huchagua maneno kwa ajili ya kula. Hayo sijui niliyachaguaje.

Amekwenda kwa dada yake.

Jumapili, 25 Agosti

Uchaguzi. Pudentienne kura sitini na moja. Mimi moja, na kila mtu aliijua ni ya nani kwa sababu ilipigwa taipu.

Pasta alihubiri. Mwombezi, akasema, ni mtu anayesimama mahali pa mwenzake. Akasema Pudentienne alisimama mahali pa Munyaneza kutoka Jumatano mpaka Alhamisi adhuhuri, ili Munyaneza asimame mahali pake. Nikamnong'oneza jirani yangu kwamba hakusimama. Aliketi, juu ya magunia. Kabuga nzima ni mashahidi. Jirani akasogea upande wa pili wa benchi.

Baada ya ibada nikaitwa ofisini. Hukumu: miezi mitatu nisiombe kwa sauti popote, hata kabla ya chakula. Na kila alasiri nifuatane na Pudentienne hospitalini, nimbebee sufuria. Pudentienne alikuwepo. Alisema tu kwamba sufuria ina moto, nije na kitambaa.

Nikamwandikia Mukashema barua ya kuomba radhi. Kurasa tatu, nakala mbili, moja ya kumbukumbu zangu. Munyaneza akairudisha bila kuifungua. Akasema ua ni mmoja, nivuke mwenyewe.

Nikavuka, na blanketi mkononi. Mukashema alikuwa amelala juu ya mkeka, bado hawezi kuketi vizuri. Hakunijibu salamu. Alilichukua blanketi, akalinusa, akamfunga nalo mtoto. Kisha akataka kujigeuza, akashindwa, akamtafuta Munyaneza kwa macho na Munyaneza alikuwa nje anapasua kuni. Nilikuwepo mimi tu. Akanipa mtoto nimshike.

Ni mzito kuliko anavyoonekana. Alifungua jicho moja akanitazama, kisha akalifunga kana kwamba ameona ya kutosha. Sikupata la kusema. Jambo hilo halijawahi kunitokea, si kanisani, si posta.

Jioni Donatille amerudi. Hajaongea nami, lakini amerudi.

Jumanne, 27 Agosti

Nimetafakari kwa kina siku mbili. Nimepiga magoti, kimya, kama nilivyoamriwa. Na nimelitambua kosa langu! Limenijia waziwazi nikiwa nimebeba sufuria.

Kosa langu lilikuwa dereva.

Nilichagua muujiza wenye mdomo. Mtu utamwombea vizuri, kwa mpangilio, kisha anatokea na kuanza kueleza nani alimwona Jumanne. Muujiza mzuri hauwezi kuulizwa chochote.

Kwa hiyo, mvua!

Nina mteja anakaa Gatsata, anafanya kazi ya kupima hali ya hewa uwanja wa ndege. Leo nimempigia barua ya kuomba uhamisho na sikumtoza kitu. Nikamwuliza, kama watu wanavyoulizana tu, mvua ya kwanza lini. Akatazama juu, akasema ukimbana sana atakwambia Ijumaa tarehe 6 Septemba, mchana.

Sauti nimekatazwa. Mwavuli sikukatazwa! Ijumaa hiyo, tangu asubuhi, jua likiwaka, nitasimama mlangoni pa kanisa, kimya kabisa, mwavuli umefunguliwa kichwani. Sitasema neno. Watu watauliza wenyewe. Mvua itajibu yenyewe.

Mwavuli sina. Nimeazima kwa Pudentienne. Akanipa mweusi mkubwa, mzuri, akaniambia nifanye vizuri kujikinga, jua la siku hizi ni kali na mimi kichwa kimeanza upara.

Mwenyekiti mzima wa waombezi! Mwanamke yule hana hata chembe ya maono.