Nyumba Niliyoipamba kwa Vitu vya Majirani

Jamani, nimeumbuka. Leo hii, mchana kweupe, sebuleni kwangu mwenyewe. Nawaandikia ninyi mliotangulia Kigoma kwa sababu hapa Rumonge sina wa kumsimulia. Wote walikuwepo.

Hali yangu mnaijua. Baba Aline yuko huko na watoto, mimi nimebaki nalinda mabati. (Nyumba ikikosa mtu siku hizi, mabati yanaota miguu.) Nikiiuza nyumba, navuka ziwa. Nisipoiuza, nitaendelea kulala na viatu. Watoto nimewakumbuka mpaka nazungumza na kuku.

Basi jana nikapata habari. Kuna mfanyabiashara wa Bujumbura, Bwana Rashidi, anatafuta nyumba karibu na barabara, na kesho yake anakuja kuona ya kwangu! Nikaitazama sebule. Mkeka, kigoda, ndoo. Nikasema, mtu wa mjini akiona hivi atanihurumia tu, hatanunua.

Nikaingia mtaani kuazima. Mama Chantal, jirani yangu wa kushoto, akanipa fotei zake mbili, vile viti vya sofa, na mapazia. Mzee Salum wa dukani akatoa zulia lake la wageni na saa ya ukutani. Wote wakaniwekea sharti moja: "Mama Aline, bunduki ikilia tu, kila mutu anachukua yake." Nikakubali. Mimi na masharti wapi na wapi?

Likabaki furushi langu la kukimbilia, lile linalokaa mlangoni kama la kila nyumba. Nikalisukumia chini ya kitanda, mnunuzi asilione.

Leo asubuhi akafika, viatu vinang'aa.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, patron. Karibu kwenye fotei!"

Hakukaa. Akagonga ukuta, nikamwonyesha saa. Akatazama upana wa mlango, nikamwonyesha mapazia. Akaanza kupima sakafu kwa hatua, akajikwaa kwenye fotei, akaisukuma kwa goti. (Nikadhani ni haya ya ugeni. Mimi huyu!)

"Mama, huku kuko usalama?"

"Kabisa, patron! Vita tunaisikiaka kwa redio. Mimi tangu nizaliwe sijakimbia hata siku moja."

Kisha nikamtajia bei. Ilikuwa bei ya mahali penye amani, tena amani nyingi. Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayekubali, na mimi moyoni nikaanza kufunga mizigo.

Hapo ndipo ikalia. PAA! Barabarani, karibu kabisa.

Bwana Rashidi akalala kifudifudi juu ya zulia. Mlango ukasukumwa, akaingia Mama Chantal na wanawe wawili. "Fotei zangu!" Hakusalimia mtu. Mapazia yakang'oka pamoja na fito zake. Mzee Salum akafuata anahema, akaishusha saa yake, akaibana kwapani, kisha akainama kwa adabu zake zote:

"Samahani, muheshimiwa, jiviringishe kidogo. Uko juu ya zulia yangu."

Na mheshimiwa akajiviringisha!

Na mimi je, mwanamke ambaye sijakimbia tangu nizaliwe? Nilikuwa nimeshapiga mbizi chini ya kitanda. Furushi kichwani, nikamruka mnunuzi, nikatokea mlango wa jikoni. Nilikimbia, jamani. Nililia pia, sitawaficha, maana nilijua watoto sitawaona tena.

Nimefika kwenye michikichi, nikasikia dereva anapiga kelele barabarani: "Ni pine! Ni pine ya kamyo imepasuka!"

Tairi. La lori la mawese.

Nikarudi taratibu, natafuta uongo njiani. Nikamkuta Bwana Rashidi amesimama katikati ya sebule tupu, anajipangusa vumbi. Akanitazama, kisha akalitazama furushi.

"Na hiyo, mama?"

"Nguo chafu, patron. Nilikuwa naenda kufua ku ziwa."

"Na ile kikaango?" Mpini ulikuwa umechomoza.

"Nayo iko chafu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaanza tena kupima sakafu kwa hatua, safari hii bila kujikwaa. Akafungua mlango wote, akatazama kona zote nne.

"Sasa njo naona nyumba! Mi natafuta depo ya mawese, mama. Tangu niingie najiuliza hizi fotei zako nitazitupa wapi."

Depo! Nimebeba fotei za watu toka kwa jirani, mgongo unaniuma mpaka sasa, kumbe mwenzangu anataka pa kupanga mapipa.

"Nanunua," akasema. "Lakini ile bei ya amani, mama, ile tuiache."

Ningebisha vipi, furushi bado liko kichwani? Tukakubaliana bei ya vita. Inatosha nauli, inatosha kuanzia maisha, na kesho tunamaliza mbele ya mashahidi. (Mashahidi ni Mama Chantal na Mzee Salum. Nitavaa miwani ya jua.)

Basi nakuja. Baba Aline mwambieni nyumba imeuzwa, mkomee hapo hapo. Atakayemwambia kwamba nilimruka mnunuzi, nikishuka bandarini nitaanza na yeye, watoto nitawakumbatia baadaye.