Kibweta, Kifunguo na Tusi Nililolisahau

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kimefika! Kifunguo changu cha kompyuta. Shemeji kakituma na basi kutoka Dar, ndani ya soksi. Kidogo kama flashi, kina duara la dhahabu katikati. Unakichomeka, kinawaka, unakigusa, kompyuta inafunguka. Hakuna kuandika paswedi! Nimekigusa asubuhi nzima. Kinanikonyeza!

Hakuna steshenari Tabora yenye kitu hiki. Valentino wa ng'ambo ya barabara ana mashine ya kulaminisha tu, na bango lililopinda. Jasusi yule! Kila nikiandika paswedi, yuko barazani kwake anajifanya anakunywa kahawa. Jumamosi niliibadilisha kwa ajili yake. Ndefu, kali, tusi zito lenye jina lake ndani. Sasa hata hiyo siihitaji. Nimeiaga rasmi.

Mama Stela, mke wangu, kauliza kifunguo kikipotea itakuwaje. Maswali ya watu wasio na kifunguo.

Jumanne, 2 Septemba

Umeme ulikatika, ukarudi. Nikachomeka, nikagusa, kompyuta ikafunguka. Safi! Mara kikatokea kidirisha katikati ya kioo: andika paswedi ya kufungua kibweta.

Kibweta ni kisanduku cha humo humo ndani ya kompyuta, kinatunza paswedi zote. Zangu na za wateja. Wateja wangu hawakumbuki kitu. Nawafungulia barua pepe, nawaombea vyuo, paswedi natunza mimi. Babu wa babu yangu alibeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo hakupoteza hata moja. Nitashindwa mimi na paswedi?

Nikagusa kifunguo. Kikakonyeza. Kidirisha hakikutikisika. Nikagusa kwa dole gumba. Nikagusa kwa heshima, mikono miwili. Wapi!

Nimetafuta msaada mtandaoni: kijana wa kwenye video anaeleza kwamba kifunguo kimefungua mlango wa mbele tu. Kibweta kilifungwa kwa paswedi ile ile ya Jumamosi, kinataka paswedi. Ndiyo kwanza ananiambia! Tena anacheka.

Si neno. Paswedi naijua. Ni tusi la Valentino.

Lipi?

Jumatano, 3 Septemba

Shida ni kwamba Valentino nimemtukana mengi mno. ValentinoPuaBirika. Hapana. ValentinoBangoLimepinda. Hapana. ValentinoMiguuKorongo. Hapana! Kufika mchana nilikuwa nacheka peke yangu hadi machozi. Mengine ni mazuri sana, nitayatumia baadaye.

Alasiri akaingia Benigna wa Ulyankulu, binti wa mfuga nyuki mzee Modesti. Shikamoo. Marahaba. Kachaguliwa uuguzi! Kajipigia kigelegele mwenyewe mlangoni. Anatakiwa kuingia kwenye akaunti yake athibitishe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Akauliza paswedi yake iko wapi. Nikamwambia iko salama. Sikusema uongo! Iko salama kupita kiasi.

Nikajaribu kumwombea paswedi mpya. Inatumwa kwenye barua pepe yake. Paswedi ya barua pepe yake iko kibwetani. Simu ya chuo inaita tu. Nikamwambia mtandao una mafua, Mama Stela akamkaribisha alale kwetu.

Alhamisi, 4 Septemba

Mpango mpya, wa kitaalamu. Tusi lilizaliwa kwa hasira, basi hasira italirudisha. Nikavuka barabara, nikaketi barazani kwa Valentino ili nimchukie kwa karibu.

Akanisalimu vizuri. Akanipa kahawa na kashata. Akauliza hali ya Stela shuleni. Nikakodoa macho kwenye pua yake nusu saa. Chuki haikuja hata kidogo. Kashata ilikuwa tamu, nikala tatu.

Jioni Benigna kafungua begi kutuonyesha gauni jeupe, la uuguzi, kashashona. Akalivaa akala nalo ugali, kajifunika khanga lisichafuke. Mama Stela akampigia makofi. Mimi nikanawa mikono, nikarudi kwenye matusi yangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Saa saba mchana nimesema ukweli. Benigna hakupiga kelele. Alilikunja gauni, akalirudisha begini, akakaa juu ya begi. Heri angepiga kelele.

Mama Stela akauliza kwa nini simwulizi Valentino. Valentino! Atajuaje? Akasema mtaa mzima unajua, maana nikiandika huwa najisomea kwa sauti, neno kwa neno, mlango wazi. Mimi? Akasema miaka yote. Hata wale wa bodaboda huitikia.

Nikavuka barabara. Valentino alikuwa analaminisha cheti cha ubatizo. Nikamwambia nimesahau tusi. Akauliza lipi. Nikasema la Jumamosi. Akazima mashine.

Akalitamka polepole, mbele ya wateja: Valentino hula msibani hachimbi. Maneno yote yameungana, akasema, nadhani. Kisha akasema kaburi la marehemu baba yangu alichimba yeye, jua la saa sita, wakati mimi nazunguka nyumba za watu kutafuta chaja. Niliona haya hadi masikioni. Ningetamani ardhi ipasuke, ila nilikuwa na haraka.

Nilipofika mlangoni akaniita. Mwishoni weka alama ya mshangao, akasema. Ilisikika.

Kibweta kimefunguka! Benigna kabonyeza mwenyewe. Imethibitishwa! Vigelegele hadi stesheni. Kalivaa gauni hapo hapo juu ya nguo zake. Valentino alicheza katikati ya barabara, nami nikacheza naye, nikalia kidogo.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa mzee Modesti kaja kushukuru na ndoo ya asali. Kaniita mwanangu! Na habari zimefika Ulyankulu: wasichana wanane zaidi niliowaombea vyuo wamechaguliwa, wanakuja Jumanne saa nne kuthibitisha. Siku ya mwisho ni hiyo hiyo. Njooni, njooni!

Nimejirekebisha kabisa. Kosa lilikuwa paswedi. Basi nimeiondoa. Kijana wa video kanielekeza namna ya kukifunga kibweta kwa kifunguo peke yake. Hakuna cha kusahau, hakuna cha kusomwa kwa sauti, Valentino hana cha kusikia. Kifunguo ni kimoja duniani. Nimekifunga kwenye nailoni pamoja na jiwe, nikakizamisha ndani ya ile ndoo hadi chini kabisa. Nani atapekua asali? Hata Mama Stela sijamwambia. Siri ni siri!

Jumatatu, 8 Septemba

Mama Stela kaipeleka ndoo kwa Valentino. Yote! Anasema aliyefungua kibweta ni yeye, asali ni haki yake.

Nikamweleza kilichomo. Kakaa chini sakafuni kwa kicheko. Alipopata pumzi akasema nivuke barabara nikamwombe, dakika moja tu. Nimwombe! Mara ya pili ndani ya wiki moja! Ajue ninapoficha vitu!

Hapana. Nina mpango mzuri sana, sijapata kuwa na mzuri hivi. Kesho saa moja nakwenda kwake kwa kifungua kinywa, nasema nimekuja tupatane. Nitaila ile asali, taratibu, kwa tabasamu, hadi nifike chini. Nimeshanunua mikate minne.