Mashine Mbili za Bruda Méthode

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Neema imeshuka mtaani kwetu Shanwe! Misheni inafunga karakana. Bruda Méthode, mtunzaji wake, anagawa mashine mbili za kushonea, zile kubwa za kiwandani. Moja inakuja kwetu mafundi wa ngozi, nyingine inakwenda kwa mafundi nguo. Na sisi ndio tunaochagua kwanza! Siku ya kuchagua ni Jumamosi.

Mwenyekiti wetu, Mama Pelagia, kasema wakakague watu wawili wanaoijua kazi. Wa kwanza mimi. Sawasawa kabisa. Wa pili Cyriaque. Kwa nini? Cyriaque anashona viatu sokoni, meza yake inatazamana na yangu, na tangu atoke makazi ya wakimbizi ya Katumba kuja kukaa hapa mjini hatujawahi kukubaliana. Nikisema gundi, yeye misumari. Nikisema leo mvua, yeye anaanika ngozi. Na mvua hainyeshi!

Mama Pelagia kakumbusha kwamba Mzee Mwandu wa Magamba anataka mikanda ya nira kwa ng'ombe wake wa kulimia, na wa ndugu zake, kabla ya mvua. Kwa sindano ya mkono hatuwezi. Tukikosea mashine, mzee ataipeleka kazi Sumbawanga na chama chetu kitakufa. Nusu ya wanachama wana watoto shuleni. Kasema pia kwamba atakayechagua vizuri ndiye atakayekaa kwenye mashine.

Kukaa kwenye mashine! Nimekwenda moja kwa moja kwa mchora vibao. Aongeze neno INJINIA juu ya jina langu.

Jumanne, 8 Oktoba

Tumekagua. Moja ni ya kijani, ina meza pana, inang'aa kama imetoka dukani jana. Ya pili nyeusi, imechunika rangi, ina mkono wa chuma uliojitokeza mbele kama wa mtu anayeomba. Nimezizunguka zote. Nimegonga chuma. Nimesema “Mmh.” Fundi lazima aseme “Mmh.”

Bruda akaeleza kwamba ile nyeusi ina mguu unaotembea. Nikainama kutazama. Ina miguu minne, yote imefungwa kwa bolti sakafuni. Itatembeaje? Sikuuliza. Injinia haulizi.

Bruda akawasha jenereta tukajaribu. Ya kijani ilipewa kitambaa, ikaruka kama swala. Ikapewa ngozi ya ng'ombe, sindano ikakatika na kipande kikatumbukia kwenye chai ya Bruda. Ile nyeusi ikapewa ngozi hiyohiyo, imekunjwa mara mbili. Ikaitafuna polepole, tu-tu-tu, mshono umenyooka kama reli ya Tabora. Kumbe mguu wenyewe ni kile kidude kinachokanyaga ngozi na kuisukuma! Nilijua.

Kwa hiyo ni nyeusi. Mtoto mdogo angeona. Cyriaque alikuwa anaupapasa ule mkono tu. Hapo ndipo nilipoona hatari. Nikisema nyeusi, atasema kijani. Ndiyo tabia yake. Tutabishana mpaka Jumamosi na Mama Pelagia atatutoa wote wawili.

Dawa ninayo. Nitaisifia ya kijani.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeisifia! Nimemkuta Cyriaque kwa muuza chai, nikakaa karibu naye kwa makusudi. Nikasema hiyo ya kijani, bwana, ndiyo mashine. Mbio zake! Meza yake! Sindano kukatika ni ugeni tu. Nikasema ile nyeusi ni ya kufungia mbuzi. Muuza chai mwenyewe akashawishika.

Cyriaque akakoroga chai muda mrefu. Akasema atafikiri. Hiyo ni dalili nzuri, anatafuta pa kunipingia.

Nimemweleza Nyamizi, mke wangu, akiwa anachambua mchele. Akauliza mimi mwenyewe nataka ipi. Nikasema nyeusi. Akauliza kwa nini basi nisiseme nyeusi. Nikamweleza upya, taratibu. Akauliza, na Cyriaque akikubali je? Nimecheka mpaka nikakohoa. Cyriaque kukubali! Wanawake hawaijui siasa ya ngozi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Amekubali.

Amekuja nyumbani asubuhi, kavaa shati la Jumapili, kabeba mkungu wa ndizi na jogoo mzima. Akakaa, akashika kofia mikononi. Akasema wiki nzima kanisani kwao wamehubiriwa kupatana na jirani, na kila mara alikuwa ananiona mimi. Amechoka kubishana. Kisha akasema, “Kaka Enoka, wewe umetangulia kwenye kazi hii. Umesema kijani. Basi mimi naweka mkono wangu juu ya wako. Kijani.”

Nyamizi akaingia jikoni na jogoo. Niliona mabega yake yakicheka.

Nilijaribu kurudi nyuma. Nikamwambia asijilazimishe, labda moyo wake ulipenda ile nyeusi. Akakiri kwamba ndiyo, moyo wake ulipenda nyeusi sana, lakini ameuweka chini. Nikamwambia auinue! Akakataa. Nikamwambia basi mimi nitamfuata yeye, tuchukue nyeusi, iwe zawadi yangu kwake. Macho yake yakalowa. Akasema hakujua kama nina roho nzuri namna hii, na kwa sababu hiyohiyo hawezi kuninyang'anya mashine ninayoipenda. Tukabishana hivyo mpaka jua likawa kali, yeye akitetea ninachokikataa, mimi nikikataa nilichokisifia. Mwisho sikujua nani anataka nini. Tukapeana mikono. Nadhani nimekubali kijani.

Tumemla jogoo. Mtamu. Sina raha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Akili imerudi. Kesho wanachama wote watakuja kuziona mashine zikishona. Ya kijani ikigoma mbele yao, basi, hakuna ubishi tena, tunachukua nyeusi, na mimi sijavunja neno. Imeharibika yenyewe! Nani atalaumiwa?

Bruda hula mchana na kusinzia. Niliingia karakana wakati huo. Mashine zote mbili zilikuwa zimefunikwa maturubai kwa ajili ya vumbi. Ya kijani naikumbuka vizuri, ipo upande wa dirishani. Sikulifunua turubai, maana mpishi wa misheni alikuwa anapitapita nje. Nikapenyeza mkono kwa chini, nikapapasa, nikapata kile kijumba kidogo cha chuma kinachobeba bobini. Nikakizungusha, kikatoka. Bila hicho, uzi wa chini hauji na mshono haushiki hata ukiomba dua. Nikakitia mfukoni mwa koti.

Nimetoka napiga mluzi. Mpishi kanisalimia, nikamwambia nimekuja kusali.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Wanachama walijaa. Mafundi nguo nao walikuja na kiongozi wao, dada Vénérande. Mzee Mwandu alikuja na fimbo yake kutoka Magamba. Bruda akaeleza kwamba juzi alifagia, akalazimika kuzisogeza mashine. Akavuta turubai la dirishani.

Nyeusi.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye soli. Zile bolti! Kumbe alizifungua. Mtu anafunguaje bolti kwa ajili ya kufagia?

Bruda akaiwasha nyeusi, sindano ikapanda na kushuka kama kawaida, mshono hakuna. Akafungua, akachungulia, akasema kijumba cha bobini hakipo. Akatafuta sakafuni, kwenye kopo la misumari, mpaka ndani ya kiatu chake. Akasema spea hiyo haipatikani karibu, labda Tabora, labda hata huko haipo. Ya kijani ikashona ngozi laini ya mbuzi ya Mama Pelagia, vrrr, watu wakapiga makofi.

Hapo Mzee Mwandu akaniwekea mkono begani. Mkono mzito. Akauliza polepole, Kiswahili chake kile cha Kisukuma, “Mwanangu, wewe ndiwe injinia. Ng'ombe wangu wana shingo nene. Hii ya kijani itaziweza ngozi zao?”

Kijumba kilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimekishika. Kilikuwa cha moto kama kaa. Nilitaka kusema. Nafungua mdomo, nawaona wote wananitazama, Mama Pelagia, Cyriaque anatabasamu kunitia moyo, na nyuma yao mtu mmoja anasema injinia, injinia.

Nikasema itaziweza. Ikipata mafuta itazoea.

Tumechukua kijani. Mafundi nguo wamebebeshwa nyeusi bila kijumba, nyuso zimenuna. Mimi nimetangazwa mshika mashine. Nyamizi kanipongeza na kuniuliza kwa nini nimeshika mfuko.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kazi ya kwanza ya Mzee Mwandu. Sindano tatu zimekatika kabla ya mkanda mmoja kushika. Nimeipa mafuta. Haijazoea. Nimeipa mafuta mengi, sasa ngozi inateleza. Mama Pelagia alikuja, akaokota vipande vya sindano, akaondoka navyo. Afadhali angenitukana.

Nimetunga mpango wa kumshawishi Vénérande abadilishane nasi. Nitaanza kwa kumkasirisha, kisha nitamfanya aionee wivu ya kijani, kisha nitakataa kumpa, mpaka anibembeleze. Mpango wa siku nne hivi. Nimeuchora kwenye mfuko wa saruji, na mishale.

Jumanne, 15 Oktoba

Cyriaque amekwisha badilisha! Alikwenda jana jioni, akabisha hodi kwa Vénérande, akamwambia sindano zinatukatikia na yeye anahitaji mashine ya nguo, je, wabadilishane? Vénérande akasema ndiyo. Basi! Hakuna wivu, hakuna kubembelezwa, wakanywa uji. Mtu anaishije hivyo?

Asubuhi mkokoteni umeleta nyeusi kwenye chumba cha chama. Kimebaki kijumba. Cyriaque kasema atapanda treni kesho, aende Tabora akakitafute duka kwa duka, na asipokipata ataendelea mbele. Nauli ataitoa kwake. Mkewe ni mjamzito, miezi yote imetimia.

Sijala vizuri leo. Nyamizi kasema labda naumwa. Labda.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimewahi chumbani kabla ya treni. Nilikuwa na mpango mzuri: nikiangushe kijumba kwenye takataka za kona, nikiokote, nishangilie. Nimefika, wote wapo. Cyriaque ana kikapu chake na blanketi. Mama Pelagia ndiyo kwanza amemaliza kufagia, kona inang'aa kama sahani.

Kengele ya stesheni ikalia. Cyriaque akainua kikapu. Sikuwa na la kufanya. Nikainama chini ya meza, nikapiga kelele, “Hiki hapa! Mungu mkubwa!”

Mama Pelagia akasema hapo chini amepitisha fagio sasa hivi, tena kwa mikono yake. Akasema mashine yenyewe imekuja jana tu, na kijumba kilipotea karakana, sasa kimefikaje hapa kwa miguu? Akaniambia nigeuze mifuko ya koti. Mfuko wa kulia ulikuwa na doa la mafuta, la duara, la ukubwa uleule. Wote waliliona. Masikio yangu yaliwaka.

Cyriaque akanitazama. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Akaweka kikapu chini. Akasema kosa ni lake. Siku ile ya kukagua yeye ndiye aliyekichomoa akione vizuri, akakisahau kwenye aproni, jana usiku akakikuta, akaona aibu, akajifanya bado anasafiri, akaniomba mimi nikirudishe kimyakimya.

Mama Pelagia akamgeukia yeye. Alimsema sana, mbele ya wote. Kwamba angeua chama. Kwamba watoto wa watu wangefukuzwa shule. Cyriaque akainamisha kichwa na kujibu ndiyo mama, nisamehe mama. Mimi nilisimama pale na doa langu.

Mchana tukaitia nyeusi kijumba, tu-tu-tu, mikanda sita ya nira mpaka jioni. Cyriaque ananyoosha ngozi, mimi nashona. Aliimba tenzi za kwao.

Jumapili, 20 Oktoba

Mzee Mwandu kachukua mikanda yote. Ameivuta kwa mikono miwili, kwa meno, akamfunga nayo dume wake, akacheka. Ndugu zake nao wameagiza. Chama kimepona. Mke wa Cyriaque kajifungua mtoto wa kiume, na yeye alikuwepo nyumbani, hayupo Tabora. Wamemwita Enoka.

Enoka!

Siku nne sasa nawaza na kichwa kinaniuma. Mtu anajibebesha kosa la mwenzake mbele ya watu. Anatukanwa, anainama. Kisha anampa mwanawe jina la yuleyule mwizi wa kijumba. Kwa nini? Faida yake ipo wapi? Nimemuuliza Nyamizi. Kasema pengine Cyriaque ni mtu mwema tu. Nimemtazama, nikamhurumia.

Hapana. Hakuna mtu wa hivyo. Jibu nimelipata leo kanisani, katikati ya mahubiri. Cyriaque ana mpango! Mkubwa, wa muda mrefu, uliofichwa vizuri kiasi kwamba hata mimi siuoni mwanzo wake. Anakitaka kiti changu cha mashine. Kwa hiyo kesho asubuhi na mapema nitampelekea jogoo, mnene kuliko wake, nimsifie mtoto, nikae naye kwa upole, niombe msamaha kwa mambo yote, huku namchunguza. Atadhani nimekuwa rafiki yake.

Maskini. Hatajua kilichompata.