Niko Getini

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu mkuu kapiga simu mapema kuulizia mlango wa ofisi yake. Nikamwambia niko njiani. Nilikuwa chini ya blanketi. Akanishukuru! Simu haina macho, ndiyo raha yake. Karakanani, fundi mwenzangu Msumari alikuwa ameshafika. Huyu akisema saa mbili, anafika saa mbili. Ushamba mtupu. Kazi ya mlango ule anaitamani, najua.

Jumanne, 5 Machi

Mama mkwe amewasili na mabegi mawili. Mke wangu siku zake zimetimia. Mimba ya kwanza, anaogopa sana. Kaniomba kitu kimoja tu: uchungu ukianza, nifike. Nikaapa. Mama mkwe akasema viapo vyangu anavijua. Mkwe ni mkwe.

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe alipiga kutoka hospitali: uchungu umepamba moto, na mke hataki kuingia chumba cha kuzalia bila kuniona. Nikasema nimeshatoka. Zilibaki bawaba mbili tu, na Msumari anautolea macho mlango wangu. Akapiga tena. Nikasema niko hapo jirani. Bawaba moja. Mara ya tatu alipiga mke mwenyewe, analia. Roho iliniuma. Ili atulie, nikamwambia nimefika, niko getini.

Akatoka kuja kunipokea.

Nilipofika kweli, wauguzi walikuwa wanakimbia. Mama mkwe kashika shuka kuzuia macho ya watu. Nyuma ya shuka, mke wangu, juu ya benchi la mlinzi. Nikaambiwa nikae kando. Kimya. Kimya kirefu mno, nikasahau mpaka jina langu. Kisha kilio. Mtoto wa kike. Kanitangulia kufika.

Alhamisi, 7 Machi

Wote wazima, wamerudi nyumbani. Mlinzi kashukuriwa kuliko mimi. Mlango kaumalizia Msumari. Mke hasemi nami.

Lakini nimejirekebisha kabisa. Sitataja geti tena maishani. Geti lina mashahidi.

Jioni mke kapiga, neno lake la kwanza tangu jana: kitanda cha mtoto nilichoahidi kiko wapi? Nilikuwa karakanani, hata ubao mmoja sijakata. Ila sauti yake ilikuwa ya upole, sikutaka kuiharibu. Nikamwambia ninacho hapa, niko mlangoni.

Kwenye simu nikasikia komeo linafunguliwa.