Maharagwe Yaliyovuja kwa Huruma

Wasee, leo nimejianika mchana kweupe, na hakuna aliyenisukuma.

Mnajua mimi husomea mimea. Niwaeleze haraka: kila seli ya mmea imezungukwa na utando wa mafuta. Baridi ikizidi, mafuta hayo huganda kama ya kupikia asubuhi ya Julai, utando unapasuka, chumvi za ndani zinavuja. Kwa hivyo unaloweka majani kwenye maji safi kabisa, unatumbukiza mita ya kupima chumvi. Namba ikipanda, mmea umeumia. (Rahisi. Ndiyo maana niliwatangazia nitamaliza shahada kabla yenu wote.)

Leo ilikuwa siku ya kipimo cha mwisho. Kikienda vizuri, msimamizi wangu, Daktari Jaspal, anatia sahihi, naanza kuandika tasnifu. Nikashuka matatu pale Adams Arcade, nikanunua embe mbichi na pilipili na chumvi, nikala nikitembea, nikaingia maabara. Glavu? Glavu ni za waoga.

Nikaanza na majani ya miche ya maharagwe iliyolala wiki nzima kwa friji. Mita ikaruka. Sawa, nilitarajia. Nikapima yale ya dirishani, ambayo hayajui baridi ni nini. Yakaruka zaidi! Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikafurahi.

"Daktari, kuja uone! Mimea inaambiana! Ya friji imeteseka, ya dirishani imevuja kwa huruma!"

Daktari akaja. Na wageni wawili (kwa nini leo, jameni?).

"Mwende, una hakika? Si maji ndiyo machafu?"

"Nina hakika kabisa. Labda Mzee Mutiso hakuosha vyombo vizuri."

Mzee Mutiso ndiye fundi wa maabara. Alikuwa amesimama hapo hapo nyuma yangu. Alijaza glasi mpya maji, akatumbukiza mita: karibu sifuri. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hebu weka kidole."

Nikaweka. Mita ikapanda kushinda maharagwe yote!

Daktari akainama, akainusa glasi.

"Mwende. Hii ni pilipili ama?"

"Ni embe, Daktari."

Wageni walicheka hadi mmoja akashikilia meza. Kumbe chumvi yote ilikuwa yangu! Nilikuwa nimeshika kila jani kwa vidole hivi hivi, na hatua ya kuyasuuza nikairuka kwa haraka zangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Daktari akarudisha kalamu mfukoni. "Panda upya. Wiki tatu."

Nilimwomba Mzee Mutiso msamaha mbele ya wote. Akanipatia pakiti nzima ya glavu. Hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Lakini mafuta ya utando bado nayajua kuliko yeyote hapa mjini, hilo msinibishie. Kesho napanda. Na mkinipata sokoni Kabiria nikinunua maharagwe kilo mbili, tafadhali, mwambieni mama ni ya kupika githeri na mahindi, si ya kupanda upya.