Bomba Nene la Lori la Baba Mtoto

Jumatatu, 3 Februari
Harara imemjaa mwanangu shingo nzima. Ijumaa tunapanda lori la baba yake, saa saba njiani, akaonwe na bibi yake kwa mara ya kwanza. Kiyoyozi kimekufa. Fundi wa mwisho alifunua boneti akasema lori kuukuu hivi halina pa kutilia gesi. Muongo. Nimenunua kopo la gesi mwenyewe. Muuza vipuri kanielekeza: fuata bomba nene, utakuta valvu yenye kifuniko. Bomba jembamba usiliguse. Rahisi.

Jumanne, 4
Nimefuata bomba nene. Nimelitikisa, likachomoka. Lilikuwa la maji ya rejeta. Nimelowa mpaka kiunoni. Mdogo wake Baba Mtoto, ambaye ndiye utingo wake, kaniuliza, shemeji, injini ilikuwa na kiu? Kazi yake kukaa juu ya mizigo na kucheka.

Jumatano, 5
Valvu nimeipata! Mpira wa kopo umekataa kuingia. Nikasukuma, nikatukana, nikasukuma tena. Nikarudi dukani na hasira zangu. Muuza vipuri akasema hiyo ni ya bomba jembamba, na midomo imetofautishwa makusudi kwa ajili ya watu kama mimi. Watu kama mimi! Sikumuaga.

Alhamisi, 6
Bomba nene la kweli hili hapa, limeviringishwa matambara na utepe mweusi mwanzo mwisho. Damu ikanichemka. Nikamwambia Baba Mtoto ndugu yako kamfungia mtoto hewa. Nikakata kwa kisu. Valvu ikatokea. Tambara la ndani lina bata wa manjano. Nepi ya mwanangu, ya wiki zake za kwanza. Nikakumbuka: mwaka jana bomba lilidondosha maji, nikaziba. Baba Mtoto kaiokota nepi, kaikunja. Hapo ndipo aliponiudhi. Angenikataza wakati ule, haya yasingetokea.

Ijumaa, 7
Gesi imeingia. Upepo baridi, mwanangu amelala shingo kavu, mdomo wazi. Nusura nilie. Bibi yake atapokea mtoto mzuri. Tuliposimama kujaza mafuta nikafunua boneti. Bomba nene linadondosha maji tena. Shemeji akasema hilo ni jasho la ubaridi tu, liache. Wivu huo wa kukaa juani juu ya mizigo. Nimeziba vizuri safari hii: nepi mbili, na utepe wote.