Hitilafu ya Mtandao Niliyotaka Iwe Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Niwie radhi, shajara, kwa kukutelekeza tangu mwaka jana. Nilingoja jambo lenye hadhi. Limekuja, ila si langu.

Shemeji, mke wa mdogo wangu, ambaye ofisini tunakaa meza moja, amegundua hitilafu katika kiini cha mfumo wetu wa kompyuta, sehemu ya mtandao ninayoilea mimi. Data ikiingia, kiini huitengea nafasi ya kumbukumbu, huiachia nafasi hiyo, kisha huitumia tena. Mpangaji amehama, ufunguo bado anao. Mhalifu wa mbali akijua, anaitwaa mashine nzima. Mstari ule wa programu nimeupita miaka mingi. Yeye kauona akinywa chai. Kazi safi kabisa. Inaniuma.

Siku ya Ijumaa, Mkuu wetu wa ofisi anateua mlezi, yaani msimamizi, wa sehemu hiyo. Napenda niendelee kuwa mimi.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji hatumi kiraka, yaani mistari ya kuziba hitilafu, kabla ya kukijaribu. Udhaifu huo nimeutumia. Nimewatumia wote kiraka changu, pamoja na maelezo yasiyo na doa la sarufi.

Jumatano, 5 Machi
Mashine zote za majaribio zimezima. Kiraka changu kinaachia nafasi ile ile mara mbili. Shemeji kaniambia mbele ya watu kwamba mpangaji wangu sasa amehama mara mbili, na mara ya pili kaondoka na vyombo vya jirani. Hata fundi umeme kacheka. Nikamjibu kwamba nilikuwa nampima. Akasema pole shemeji, kipimo kimevunjika.

Alhamisi, 6 Machi
Kiraka chake kimefika. Mistari michache tu: kiini kinawahesabu wanaoitumia nafasi, na hakiiachii mpaka wa mwisho aondoke. Nimekisoma nikiwa nimesimama. Sikupata hata nukta ya kusahihisha. Ameniandika kuwa mkaguzi wa kiraka hicho.

Nikamuuliza Mkuu kama mkaguzi si mkubwa kuliko mwandishi. Akasema, mzee, nenda kapumzike.

Ijumaa, 7 Machi
Ameteuliwa Shemeji. Nilipiga makofi, nayo yalitoka moyoni. Mkuu ananitaka nichague: niwe msaidizi wa Shemeji, au nihamie kwenye kuandika miongozo. Shemeji kanisihi nibaki, kwani nikiondoka nani atamvunjia mashine?

Bado natafakari. Wakati huohuo nimeona mstari mwingine wa kutiliwa shaka, nikatuma kiraka kabla hajarudi kutoka mapumziko. Taa za mashine za majaribio zimeanza kuzimika moja moja. Bila shaka ni umeme. Uamuzi nikiufikia, wewe utakuwa wa kwanza kuusoma.